Kuficha uchungu wa dawa na shombo ya chakula bila kuharibu kazi yake

Dawa iliyotemwa haijanywewa. Mtoto wa miaka miwili akitema nusu ya kijiko, mlezi hajui kiasi gani kimeingia tumboni, na anaogopa kurudia asije akazidisha. Malaria nayo haimsubiri. Kwa hiyo kuficha ladha mbaya si kumdekeza mtoto, ni sehemu ya matibabu yenyewe. Jikoni hali ni hiyo hiyo. Mukene, wale dagaa wadogo wa ziwani, huliwa na mifupa yake, una protini na kalsiamu tele, na nyumba nyingi zinaumudu, lakini faida hiyo yote hupotea mtoto akisukuma bakuli kwa sababu ya shombo.

Kuna jambo moja la kutangulia kabla ya mbinu yoyote. Uchungu na uvundo ni onyo la mwili. Ulimi hukataa uchungu kwa sababu sumu nyingi za mimea ni chungu, na pua hukataa uvundo kwa sababu chakula kilichooza huua. Basi ficha ladha ya kitu ambacho una hakika ni salama, na ujue uchungu wake unatoka wapi. Kama hujui, usifiche.

Bana pua kwanza

Kile tunachokiita ladha ni vitu viwili. Ulimi hutambua utamu, chumvi, uchachu, uchungu na ile ladha nono ya mchuzi wa nyama. Mengine yote ni harufu inayopanda puani kupitia nyuma ya koo wakati unatafuna na kumeza. Ndiyo maana mtu mwenye mafua huona chakula hakina ladha.

Fanya jaribio dogo. Bana pua, weka tone la dawa au kipande cha chakula ulimini, hesabu hadi tano, kisha achia pua. Kama ubaya ulikuja ulipoachia pua, tatizo ni harufu. Kama ulikuwepo tangu mwanzo, tatizo ni ladha ya ulimini. Jaribio hili linaokoa sukari nyingi, kwa maana sukari haiondoi harufu ya mafuta ya samaki, na ndimu haifichi uchungu wa kwinini.

Uchungu ndio mgumu kuliko yote. Binadamu ana aina 25 hivi za vipokezi vya uchungu, na kila dawa hugusa vyake, ndiyo sababu kilichofaa kwa dawa ya wiki iliyopita kinaweza kushindwa leo. Hata hivyo silaha zetu ni chache na zinafahamika:

Sukari hupunguza uchungu kwa kuushindania ndani ya ubongo, lakini utamu huisha mdomoni mapema na uchungu hubaki nyuma. Chumvi kidogo sana, ncha ya kisu tu, huziba uchungu pale pale ulimini na kuuachia utamu nafasi. Wengi hawaijui hii, nayo ni ya bei nafuu kuliko zote. Mafuta ya karanga, simsim au samli hupaka ulimi utando na kuzuia chembe za dawa zisiufikie haraka. Baridi hufanya ulimi uwe mzito na harufu isiruke. Ladha kali ya tunda kama pasheni au nanasi haiondoi uchungu, ila huipa pua kitu kingine cha kushughulikia.

Kumpa mtoto dawa chungu

Tayarisha vitu kabla ya kumshika mtoto: bomba la sindano la mililita 5 lisilo na sindano, glasi ndogo, maji safi, kijiko cha chai ambacho ni mililita 5, karanga za kusaga au odi ya simsim (simsim iliyosagwa ikawa laini kama siagi), na kinywaji cha kufuatishia. Mtoto akishaanza kulia, muda wa kutafuta kijiko umepita.

Ukiweza, omba kwenye kituo cha afya au duka la dawa vidonge vya watoto vinavyoyeyuka majini. Hivyo vimeshatiwa utamu na ladha ya tunda kiwandani. Kidonge cha kawaida cha mtu mzima ukikiponda, unavunja ganda lililowekwa makusudi kuficha uchungu, kisha unahangaika kuuficha tena.

Weka kidonge kwenye glasi yenye maji mililita 10, yaani vijiko viwili vya chai. Tikisa taratibu hadi kisambae. Ivute dawa kwa bomba. Mkalishe mtoto wima, kichwa kikiwa kimeegemea mkono wako, usimlaze chali. Mpake ulimini karanga za kusaga kidogo au samli, kiasi cha ncha ya kijiko (chunga mtoto mwenye mzio wa karanga). Ingiza bomba pembeni ya mdomo, kati ya fizi na shavu, sukuma mililita moja hivi, ngoja ameze, kisha nyingine. Ukimwaga katikati ya ulimi ataonja yote, na ukimwaga nyuma ya koo anaweza kupaliwa. Baada ya dawa, tia maji mengine mililita 10 kwenye ile glasi, suuza, umpe na hayo, maana chembe hubaki ukutani mwa glasi na hizo ni sehemu ya dozi. Mwisho mpe kinywaji baridi au bongo (maziwa mgando) kijiko kimoja.

Kuna makosa manne yanayorudiwa kila siku.

La kwanza ni kumbana mtoto mdogo pua kwa nguvu ili afungue mdomo. Mtoto anayelia huku amebanwa pua huvuta pumzi kwa mdomo, na dawa huingia mapafuni. Kubana pua ni kwa mtoto mkubwa anayejibana mwenyewe: abane, ameze, anywe kinywaji cha kufuatishia, ndipo aachie.

La pili ni kuchanganya dawa kwenye chupa nzima ya maziwa au bakuli zima la uji. Akiacha robo, ameacha robo ya dozi. Tumia chakula laini kijiko kimoja cha chai, au kikizidi sana kijiko kimoja cha mezani, na apewe pale pale, usiweke akiba.

La tatu ni kuificha kwenye chakula anachokipenda kuliko vyote, au kinachomtegemeza. Mtoto akigundua kuwa uji wake una uchungu, ataukataa uji hata siku usio na dawa, na hapo umempokonya chakula akiwa mgonjwa. Chagua kitu kisicho cha kila siku, kama jemu, ndizi ndogo tamu iliyopondwa, au parachichi lenye sukari kidogo.

La nne ni kumwambia kwamba dawa ni pipi. Siku moja atazikuta zimeachwa mezani. Mwambie ni dawa, ni chungu kidogo, na itapita haraka.

Asali hufaa sana kwa uchungu kwa kuwa ni nzito na hukawia ulimini, lakini usimpe kamwe mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja. Inaweza kubeba mbegu za bakteria ambazo utumbo wa mtoto mchanga hauwezi kuzizuia, nazo huleta kupooza.

Kila dawa na rafiki yake

Artemeta-lumefantrini, dawa ya malaria inayojulikana zaidi kwa jina la Coartem, inapendana na mafuta. Lumefantrini hufyonzwa vizuri zaidi ikiwa tumboni kuna mafuta, kwa hiyo maziwa, odi, mchuzi wa karanga au parachichi hufanya kazi mbili kwa pamoja: vinaficha uchungu na vinaongeza nguvu ya dawa. Ni bahati ambayo dawa chache zinayo. Mtoto akitapika ndani ya saa moja baada ya kumeza, dozi hurudiwa yote, na rudi kituoni wakuongezee kidonge ili siku tatu zitimie. Epuka balungi.

Siprofloksasini na doksisaiklini, dawa za kuua bakteria, ni kinyume chake. Hizi hushikana na kalsiamu ya maziwa na bongo, pia na madini ya chuma, na sehemu ya dawa hupita tumboni bila kufyonzwa. Ladha itafichika vizuri kabisa lakini ugonjwa unaweza usipone. Zimeze kwa maji mengi, ufuatishe kwa kipande cha nanasi.

Metronidazoli huacha ladha ya chuma kinywani kwa saa kadhaa. Ya maji hutengenezwa kwa namna nyingine ya dawa hiyo hiyo isiyoyeyuka upesi matemate yakiigusa, kwa hiyo haina uchungu mwingi. Ndiyo ya kuomba kwa mtoto, na hupewa saa moja kabla ya chakula. Vidonge humezwa pamoja na chakula.

Prazikwanteli, dawa ya kichocho inayogawiwa kwenye vijiji vya kando ya Ziwa Victoria na Ziwa Albert, ni kidonge kikubwa na kichungu mno. Uchungu huo ukikaa mdomoni unaweza kutapisha papo hapo. Kula kwanza, posho (ugali) na maharage inatosha. Vunja kidonge kwenye mistari yake kama ni kikubwa, tupa kipande nyuma ya ulimi, maji mdomo mzima, meza mara moja. Usikitafune wala kukimumunya. Walimu wanaosimamia ugawaji shuleni wangepata shida kidogo zaidi kama watoto wangekula kabla ya kupanga foleni.

Klaritromisini ya maji ina chembe zilizofunikwa ganda. Ukiichanganya na sharubati yenye uchachu ganda huyeyuka na uchungu hutoka wote. Usiiweke kwenye friji pia. Dawa nyingine nyingi za maji hupungua ukali wa ladha zikiwa baridi, lakini soma karatasi yake kwanza.

Dawa ya chuma ya maji ina ladha ya kutu na hutia meno weusi. Mpe mtoto kwa bomba hadi nyuma ya shavu, mkubwa anywe kwa mrija, kisha asuuze kinywa. Juisi ya chungwa huificha na pia husaidia chuma kufyonzwa. Chai na maziwa huzuia, viache hadi saa mbili zipite.

Zinki ya kuhara huyeyushwa kwenye kijiko kimoja cha maji safi au maziwa ya mama yaliyokamuliwa. Maji ya chumvichumvi ya pakiti, ORS, ndiyo yanayoharibiwa zaidi kwa nia njema. Usiyatie sukari, soda wala juisi: sukari ikizidi huvuta maji kutoka mwilini kwenda utumboni, na kuhara huongezeka. Pakiti ya lita moja kwa lita moja ya maji, basi. Yapoze, mpe kijiko kimoja kila dakika moja au mbili, akitapika ngoja dakika 10 uanze tena polepole. Zipo pakiti zenye ladha ya chungwa kutoka kiwandani, hizo ni sawa. Yaliyobaki baada ya saa 24 mwaga.

Vidonge visivyopondwa

Vidonge vinavyoachia dawa polepole na vile vyenye ganda la kulinda tumbo havipondwi. Cha kwanza kikipondwa humwaga dozi ya siku nzima kwa mkupuo, cha pili huumiza tumbo au huharibiwa na asidi yake. Vidonge vya lopinavira-ritonavira, dawa ya VVU, ni mfano wa namna nyingine: vikipondwa, dawa inayofika kwenye damu hupungua karibu nusu, hata kama hakuna tone lililotemwa. Punje zake za watoto hunyunyizwa juu ya chakula laini na kumezwa bila kukorogwa wala kutafunwa. Kabla ya kuchukua kinu, muulize mfamasia swali moja: hiki kinapondeka?

Mtu mkubwa anayekwama na kapsuli mara nyingi huinua kichwa kama anayekunywa kidonge. Kapsuli huelea. Aweke kapsuli mdomoni na maji, ainamishe kidevu kifuani, ameze. Itaelea nyuma na kushuka.

Maji yenye harufu ya klorini

Watu huacha klorini ya kutibu maji ya kunywa kwa sababu ya harufu tu, wakarudia maji ya kisima yasiyotibiwa. Tia dawa kwa kipimo cha kwenye kichupa, koroga, funika dakika 30. Baada ya hapo, mimina kutoka chombo kimoja kwenda kingine mara kadhaa, au tia matone ya ndimu kwenye glasi unayokunywa. Vitamini C ya ndimu huimaliza klorini upesi. Kwa sababu hiyo hiyo ndimu isitangulie: ukiitia mwanzoni, klorini huisha kabla haijaua vijidudu.

Mukene, samaki na nyama

Shombo ya samaki ni kemikali za jamii ya amonia ambazo huruka hewani. Asidi huzishika na kuzigeuza kuwa chumvi isiyoruka. Hiyo ndiyo kazi ya ndimu, siki na nyanya, na ndimu hiyo hiyo huondoa shombo kwenye mikono na kisu.

Mukene una matatizo matatu: mchanga, uchungu na shombo. Nunua uliokaushwa juu ya turubai au chanja, si ule wa mchangani, uwe na rangi ya fedha inayong'aa. Wenye manjano na harufu ya mafuta ya zamani umechacha na hautengenezeki. Ondoa vichwa na matumbo, uchungu uko humo. Ukaange mkavu bila mafuta kwa moto mdogo dakika tano hadi saba, sufuria wazi, hadi uanze kuvunjika. Uloweke kwenye maji ya vuguvugu dakika mbili, kisha utoe kwa mikono badala ya kumwaga maji, mchanga ubaki chini. Rudia mara tatu. Ukamulie ndimu vijiko viwili vya mezani kwa vikombe viwili vya mukene, ukae dakika 10. Kaanga vitunguu, tangawizi na nyanya hadi maji ya nyanya yakauke, tia mukene, malizia na karanga za kusaga. Ukifunika sufuria tangu mwanzo, harufu iliyotaka kutoka inarudi na mvuke.

Kwa uji wa mtoto, mukene uliooshwa hivyo ukaushwe tena juani, ukaangwe, utwangwe na kuchekechwa. Anza na nusu kijiko cha chai kwa kikombe cha uji pamoja na vijiko viwili vya karanga au simsim, na upande hadi kijiko kizima akishazoea. Tengeneza kidogo kidogo, mafuta ya samaki kwenye unga huchacha haraka.

Samaki wa bwawa mwenye ladha ya tope hajaoza. Ladha hiyo hutengenezwa na vijidudu vya majini na hukaa kwenye ngozi na mafuta. Toa ngozi na ule utando mweusi wa tumboni, loweka minofu dakika 20 kwenye lita moja ya maji yenye vijiko viwili vya mezani vya siki au ndimu. Mfugaji anayetaka kuiondoa kweli humhamishia samaki kwenye maji safi yanayopita, bila chakula, siku chache kabla ya kuuza.

Harufu ya beberu iko kwenye mafuta yake, na huhamia kwenye nyama mchinjaji akishika ngozi kisha nyama kwa mkono ule ule. Punguza mafuta, chemsha dakika 10 bila kifuniko, ndipo uweke tangawizi na kitunguu saumu. Matumbo husuguliwa kwa chumvi na ndimu, huchemshwa, na maji ya kwanza humwagwa.

Ntula (nyanya chungu) hukatwa, hunyunyiziwa kijiko cha chai cha chumvi kwa kila nusu kilo, hukaa nusu saa, hukamuliwa na kusuuzwa, kisha hupikwa na karanga. Huko Acholi na Lango, kaskazini mwa Uganda, malakwang, mboga ya majani yenye uchachu, humwagwa maji ya kwanza na kuungwa na odi. Watu wa Mlima Elgon hufanya hivyo hivyo kwa malewa, yaani machipukizi ya mianzi. Mpishi wa zamani alijua kwamba mafuta ya karanga hutuliza ulimi kabla ya yeyote kueleza kwa nini.

Soya ni suala la kuzuia, siyo kuficha. Harufu yake ya maharage mabichi haimo ndani ya punje nzima. Huzaliwa pale punje inapovunjwa ikiwa na maji, na ikishazaliwa haitoki. Basi usiiloweke na kuisaga mbichi. Tia kikombe kimoja cha soya kwenye vikombe vinne vya maji yaliyokwisha kuchemka, yachemke dakika 10, mwaga, sugua maganda, kausha juani, kaanga, ndipo usage. Moto huo pia huondoa vitu vinavyozuia mwili kutumia protini ya soya.

Vitu vya kutoficha

Karanga zenye ukungu, zilizosinyaa au chungu hazifichwi kwa kukaangwa wala kwa chumvi. Sumu ya ukungu huvumilia moto wa jikoni. Zitupe, usiwape kuku. Samaki mwenye macho yaliyozama na nyama inayobaki na shimo ukiibonyeza hata ndimu kumi hazimfufui. Dawa ya maji iliyobadilika rangi au harufu haitiwi asali.

Muhogo mchungu ndio wa kuogopwa zaidi. Uchungu wake huambatana na sumu ya sianidi. Septemba 2017 wilayani Kasese, Uganda, watu 98 waliugua na wawili wakafa baada ya kula posho ya unga wa muhogo. Muhogo wa aina chungu humenywa, hulowekwa majini siku tatu hadi ulainike, huvunjwavunjwa, hukaushwa juani hadi ukauke kabisa, ndipo usagwe. Njaa ikibana watu hufupisha siku hizo, wakachanganya unga na mtama au sukari ili uchungu usionekane, na sumu inabaki pale pale. Mtu akila muhogo na ndani ya saa chache akatapika, akashikwa na kizunguzungu, tumbo au pumzi kumwishia, apelekwe kituo cha afya papo hapo, na sehemu ya unga uliobaki ichukuliwe pamoja naye.